Ufunguo wa Kiunoni

Jumatatu, 3 Juni

Shajara, naapa kukuambia yote, hata yatakayoniaibisha. Nawe funga mdomo.

Leo Mwalimu wa sayansi, anayesimamia Klabu yetu ya Afya, ametufundisha vihatarishi. Kihatarishi ni jambo linalomwandaa mtu kuugua kabla hajaugua: moshi, vumbi, dhiki, kazi isiyo na mapumziko. Kila mwanaklabu achague kimoja karibu na kwao, akiondoe. Ijumaa kuna zawadi. Kiranja wa darasa letu, msichana anayepiga pasi hadi soksi, amechagua mbu. Mbu! Kila mwaka lazima mtu achague mbu.

Mimi nimemchagua Mama.

Mama hushona kola kwenye karakana ya sare. Leo amerudi tena zahanati na maumivu yaleyale chini ya kitovu. Akienda haja ndogo anauma meno. Dawa zikimaliza kazi anapona, kisha yanarudi. Muuguzi amemwonya kwamba safari ijayo yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Anywe maji mengi, asibane mkojo. Mama akaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sauti anayowajibu wauza masufuria.

Ajabu ni kwamba chupa yake ya maji huenda kazini imejaa na kurudi tupu. Nimekagua. Basi anaumwaje? Jibu langu: hanywi kwa wakati. Hana ratiba. Watu wazima wanatuhimiza ratiba, wao hawana!

Jumanne, 4 Juni

Kabla ya shule nilichora mistari kwenye chupa kwa rangi ya kucha: ufike hapa asubuhi, hapa mchana, hapa jioni. Mama akauliza kama siku hizi ananyweshwa kama ndama. Nikamjibu kwa heshima kwamba hii ni sayansi.

Jioni chupa imerudi tupu! Nilikimbia hadi kwao Kiranja kumjulisha. Nilimkuta anafukia dimbwi. Akanipongeza kwa uso wa mtu aliyeng'ata limau. Nikarudi nyumbani natembea kwa madaha.

Furaha haikudumu! Dada Pindo alikuwa kwetu, amekuja kuazima mkasi. Huyu ni fundi mwenzake Mama, kazi yake kupinda sketi chini, na mdomo wake hauna pindo hata kidogo. Alipoiona chupa akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mlangoni mwa karakana kuna ua limepandwa kwenye kopo, na ndilo lenye afya kuliko kiumbe yeyote mle ndani, maana kila kazi inapokwisha Mama hulimwagia chupa nzima.

Chupa nzima! Kila siku! Kwa hiyo rangi yangu ya kucha nimelipakia ua!

Nilidai maelezo. Mama hakuona haya hata chembe. Alisema tu, "Mwanangu, maji yakiingia hutaka njia ya kutokea," kisha akanituma chumvi. Nimeandika: mgonjwa anakwepa maswali.

Jumatano, 5 Juni

Baada ya masomo nilikwenda karakanani kumlinda. Nilikaa juu ya marobota ya vitambaa, karibu na mashine yake. Wiki hii wanashona sketi za shule yetu wenyewe. Madirisha yamepigiliwa misumari ili upepo usipeperushe vipande vilivyokatwa, na nyuzinyuzi zinaelea hewani kama unga. Dada Pindo anakohoa. Hilo nimeliweka kiporo.

Nikasimama, nikawahutubia mafundi kuhusu figo. Walisikiliza huku miguu ikikanyaga mashine, maana wanalipwa kwa kila kipande na mguu ukisimama chakula kinasimama. Kisha nikammiminia Mama kikombe, nikamkazia macho hadi akakimaliza. Dada Pindo naye, kwa kunikejeli, akanywa viwili na kuniuliza, "Daktari, niongeze?"

Shajara, laiti ningejua.

Mlango wa choo cha karakana una kitasa. Ufunguo mmoja tu. Umefungwa kwenye kibao kilichoandikwa CHOO, na kibao kinaning'inia kwenye mkanda wa Msimamizi, kiunoni. Anayetaka kwenda lazima asimame mbele ya meza yake, na yeye hutazama saa ya ukutani, humtazama fundi, kisha huuliza kwa sauti ya kusikika karakana nzima, "Tena?" Hata kama ni mara ya kwanza! Anasema choo kikiwa wazi, kazi inafungwa.

Na leo alikuwa amekwenda kununua vifungo. Ufunguo umekwenda naye, kiunoni.

Dada Pindo alipinda sketi moja juu na chini. Mama aling'ata ile kola aliyokuwa anaishona, macho yametoka, jasho puani. Msimamizi aliporudi, Dada Pindo alimnyang'anya ufunguo hata kabla hajaulizwa "Tena?" Mama akafuata, akitembea kama aliyebeba mayai.

Tulipofika mlangoni kwetu, Mama akaniambia, "Umenifundisha vizuri leo, mwanangu. Siku nyingine unifundishe polepole."

Nimelia kidogo. Halafu nikakasirika, na hasira ni bora kwa kufikiri. Kihatarishi si Mama. Ni ufunguo!

Alhamisi, 6 Juni

Nilimweleza Mwalimu. Akafurahi, akasema ndivyo ilivyo: mara nyingi tunamlaumu mgonjwa wakati ugonjwa umepangwa kwenye kazi yenyewe. Akashauri klabu imwandikie mwenye karakana barua ya adabu. Nikauliza itajibiwa lini. Akasema subira ni muhimu. Subira! Figo za Mama hazina subira.

Alhamisi tunatoka mapema, basi nikaenda moja kwa moja na mpango. Mpango ni huu: pasipo ufunguo hapana kufunga. Rahisi!

Msimamizi hula wenzake wakishamaliza, na akishiba huvua mkanda na kuuning'iniza kwenye kiti, tumbo lipate nafasi. Akasinzia. Nikafungua kibao taratibu, nikatumbukiza ufunguo na kibao chake kwenye mfuko wa sketi moja iliyokwisha kupigwa pasi. Nilikusudia kuutoa baadaye nikauzike. Ila wapakiaji walikuja, wakafunga marobota, wakaondoka nayo. Nikaona heri, mambo yanajipanga yenyewe.

Jambo moja tu sikulikagua. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa.

Niseme nini? Mafundi wakaanza kubana magoti. Na wa kwanza kuhangaika kweli hakuwa fundi. Msimamizi alikuwa ameshiba maharagwe. Aliamka, akapapasa kiuno, akapapasa meza, akapekua droo, akasimama wima ghafla kama aliyekumbuka jambo la huzuni. Akatoka mbio hadi gereji ya jirani. Akarudi mbio vilevile: kule nako choo kina ufunguo, na mwenye ufunguo amekwenda kula!

Akazunguka meza yake. Akatoka tena mlangoni. Hapo Dada Pindo, bila kuinua macho kwenye mashine, akauliza kwa upole, "Tena?"

Karakana ililipuka kwa kicheko. Hata Mama.

Akaitwa seremala wa ng'ambo ya barabara. Akang'oa mlango mzima na bawaba zake, akaenda nao kwake kuubadilishia kitasa, akisema atarudi Jumamosi. Msimamizi ndiye aliyeingia kwanza, bila mlango, akiamuru sote tutazame ukutani. Alipotoka, mafundi walishona pazia kwa mabaki ya vitambaa, upesi, na Dada Pindo akalipinda pindo maradufu.

Hadi jioni walikwenda kila walipotaka na kurudi upesi. Mama alikunywa maji mbele yangu bila kukaziwa macho. Lakini kusema kweli mpango wangu haukuwa huu. Nilitaka mlango, heshima na utulivu. Watu wameharibu!

Ijumaa, 7 Juni

Balaa.

Leo tumegawiwa sketi mpya. Kati ya wasichana wote wa shule hii, nani alitia mkono mfukoni na kutoa ufunguo wenye kibao kilichoandikwa CHOO? Kiranja! Akakiinua mbele ya klabu nzima. Watu wakacheka hadi wakalala juu ya madawati. Yeye, mwaminifu kama mizani, akasema ataurudisha karakanani leo hii hii.

Ufunguo ukirudi, kitasa kitarudi, na maji ya Mama yatarudi kwenye ua. Nikasimama nikasema huo ndio mradi wangu. Hicho ndicho kihatarishi, nimekiondoa, mnakishika mkononi. Wakazidi kucheka. Nikawaeleza Mama alivyong'ata kola. Hapo Kiranja akakishusha kibao.

Mwalimu alisema nimekiona kihatarishi kwa jicho la daktari na kukiondoa kwa mkono wa mwizi. Kesho tutaurudisha pamoja. Zawadi akampa Kiranja. Ndoo yenye mfuniko! Kwa ajili ya mbu! Mimi ndoo ya nini?

(Niliapa kusema yote. Niliitaka sana ile ndoo.)

Jumamosi, 8 Juni

Msimamizi aliupokea ufunguo kwa vidole viwili. Akaniita mchwa, akaniita panya buku. Mwalimu akaniombea radhi, sauti yake ya darasani imemwisha. Kisha Msimamizi akamgeukia Mama. Akasema fundi asiyeweza kumlinda mwanawe basi akae nyumbani amlinde vizuri.

Hilo sikuwa nimelipangia.

Mama hakupiga magoti. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Mkubwa, mtoto nitamwadhibu mimi, tena leo. Lakini tangu juzi sijaumwa, na kola zangu umezikagua mwenyewe. Hakuna iliyopinda. Ukiurudisha ufunguo kiunoni, na zilizopinda zitarudi."

Dada Pindo akasimamisha mashine. Jirani yake naye akasimamisha. Zikafuata zote, moja baada ya nyingine. Mwalimu akapata sauti yake, akasema kwa adabu kwamba fundi aliyelazwa hashoni.

Wakati huohuo seremala akaingia na mlango begani, akauliza kitasa kipya akiweke wapi. Msimamizi alitazama saa ya ukutani. Akatutazama. Nadhani alikumbuka maharagwe.

"Kitasa cha nini?" akafoka. "Weka komeo la ndani, basi. Kazi ziendelee!"

Mashine zikalia zote pamoja. Na yeye, bila haya, akamwambia Mwalimu kwamba wazo hilo alikuwa nalo siku nyingi. Wazo lake! Siku nyingi! Nilifungua mdomo, Mama akanikanyaga mguu.

Jumapili, 9 Juni

Mama hajaumwa leo. Akiitikia watu, sauti yake ni ya kawaida.

Dada Pindo amekuja na lile ua la kwenye kopo, amelikumbatia kama mgonjwa. Limenyauka. Tangu Alhamisi halijaonja tone. Akasema, "Haya, Daktari, umemponya mmoja umemuua mwingine." Mama akaamua hiyo ndiyo adhabu yangu: nitalihudumia kwa maji ya kuchota mwenyewe hadi lisimame. Ameninyima pia rangi ya kucha.

Nimemwahidi Mama, na kesho nitamwahidi Mwalimu, kwamba sitachukua tena kitu cha mtu kwa ajili ya afya. Ahadi ni ahadi, na mimi si mtoto wa kuvunja ahadi. Barua za adabu nimezielewa. Subira nimeielewa.

Lakini Dada Pindo alikohoa kuanzia alipoingia hadi alipotoka. Yale madirisha! Na msumari, ukiufikiria vizuri, si kitu cha mtu hasa. Umo dirishani tu. Kiranja kwao wana koleo, na leo amenisalimia mwenyewe, tena kwa heshima.

Basi, Shajara, nijibu kabla sijaenda shule kesho, usinicheleweshe: misumari iking'olewa taratibu na kuachwa palepale chini ya dirisha, huo ni wizi, au ni usafi?