Kitabu cha Mapokezi Katikati ya Ng'ombe

Jumatatu, 4 Machi

Nimefanya jambo. Siwezi kumwambia mtu, naliandika hapa.

Mhadhiri katangaza: Ijumaa kila mtu atasimama mbele aeleze namna ya kumpokea mgeni mwenye hasira. Wa kwanza anakwenda mafunzo ya mapokezi katika ile hoteli ya kilimani. Nafasi moja tu. Wa mwisho anakwenda chumba cha kufulia cha hoteli hiyohiyo. Na msimamizi wa kufulia ni Shangazi, ambaye ninakaa kwake. Miaka ishirini ya mvuke na mashuka ya watu. Ameshaniambia mara mia kwamba nikiingia hotelini nipite mlango wa mbele. Koti jeusi la mapokezi tayari linaning'inia chumbani kwangu.

Kitabu cha mapokezi ni kimoja. Kinene, cha bluu, kina kibandiko chekundu: hakitoki maktaba. Bwana Tai, mwanafunzi mwenzangu anayefunga tai hata siku za mvua, alikaa meza ya pili akinisubiri nimalize. Nilisoma kurasa kumi na moja. Kisha nikainuka kama mtu anayekirudisha, nikazunguka, nikakichomeka kwenye rafu za mifugo, katikati ya magonjwa ya ng'ombe. Mtu wa utalii atafuata nini huko? Kesho nitakuwa nacho peke yangu.

Mkutubi aliinua macho nilipopita. Tunamwita Mama Kimya. Akaandika kitu daftarini. Afadhali angenikemea.

Jumanne, 5 Machi

Hakipo!

Nimepekua rafu yote. Kwato, viwele, kupe, minyoo. Cha bluu hakuna. Mwizi kaniibia kitabu nilichokificha. Watu wabaya sana.

Mwanafunzi mmoja wa udaktari wa mifugo akaniuliza kama nina ng'ombe mgonjwa. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akanishika nusu saa: nimtenge na wenzake, nimpime joto, nimwangalie ulimi. Nikaitikia tu huku jasho likinitoka.

Nikitoka, nikaona karatasi mlangoni, mwandiko wa Mama Kimya: anayehamisha vitabu anajulikana, afike mwenyewe ofisini kabla hajaitwa. Neno "anajulikana" limepigiwa mstari mara mbili. Juu ya mlango kuna kamera. Tangu lini?

Jumatano, 6 Machi

Leo kulikuwa na somo la kutumia maktaba kwa kompyuta, darasa zima la utalii. Mwalimu: Mama Kimya. Nikajifungia chooni mpaka liishe.

Bwana Tai alitoka akitabasamu. Akanisalimia vizuri, akaniuliza kazi inaendaje. Mtu hakuulizi hivyo bila sababu. Anajua. Au kamera imemwambia.

Mchana nikarudi kwa ng'ombe, kofia usoni. Yule wa mifugo akanikuta, akauliza hali ya mgonjwa. Nikasema amekufa. Akasikitika kweli, akanipa pole, akasema huenda nilichelewa kumtenga. Nilikaribia kulia, na si kwa ajili ya ng'ombe.

Rafu za utalii sijazisogelea tangu Jumatatu. Ziko mbele kabisa ya meza ya Mama Kimya. Mimi si mwendawazimu.

Alhamisi, 7 Machi

Sikwenda. Nilimwambia Shangazi tumbo linauma. Akanichemshia uji, akakaa kitandani, akasema hata yeye alikosa usingizi kwa furaha ya kesho. Akalipiga koti pasi upya. Nikaumaliza uji wote, sikuweza kumwangalia.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Tai alizungumza dakika kumi bila karatasi. Mgeni mwenye hasira asikilizwe kwanza, aombwe radhi, aelezwe hatua. Sura na ukurasa alivitaja.

Zamu yangu. Kurasa kumi na moja zilikuwa za dibaji na shukrani. Mhadhiri akauliza hatua ya kwanza mgeni akija juu. Kichwani hamkuwa na kitu isipokuwa sauti moja. Nikajibu: mtenge na wenzake. Ya pili? Mpime joto. Ya tatu sikuulizwa, nikaitaja mwenyewe: mwangalie ulimi.

Darasa lilicheka mpaka wa jirani wakaja dirishani. Nimekuwa wa mwisho. Mhadhiri kasema baada ya wiki mbili nitarudia, nikifanya vizuri nitahamishwa mapokezi.

Kisha Mama Kimya akaniita. Miguu ilinipeleka yenyewe. Kwa sauti ya chini kabisa akanieleza kwamba kila jioni yeye huzunguka na kurudisha mahali pake vitabu vilivyowekwa pasipo pake. Cha bluu alikirudisha Jumatatu hiyohiyo. Wiki nzima kilikuwa kwenye rafu yake, hatua mbili kutoka mezani kwake, na wenzangu walikisoma. Tena kimo kwenye kompyuta, kama ningekuja somoni ningejua. Kamera, akasema, haijawahi kufanya kazi.

Adhabu: Jumamosi nzima nipange rafu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepita mlango wa nyuma. Shangazi alikuwa anakunja mashuka. Hakugomba. Alinipa aproni, akasema nyumbani yeye ni shangazi, hapa ni msimamizi. Kisha akakunjua mashuka yaleyale, akayakunja upya. Niliumia. Nikaapa moyoni nitamtoa aibu hii.

Na mpango ninao tayari. Jumamosi nikipanga vitabu niliona kitu: Mama Kimya ni mfupi, rafu ya juu kabisa haifikii, huko kuna vumbi tu. Fundi wa taa alikuwa ameacha ngazi yake akaenda kula. Nikapanda, nikakilaza cha bluu nyuma ya makamusi. Bwana Tai anasoma kwenye simu, najua. Lakini simu huisha chaji. Safari hii hakuna wa kukirudisha. Wiki mbili nitakuwa nacho peke yangu.

Shangazi ameniuliza mbona nimeacha kukunja. Nimesema ni mvuke. Ukweli ni kwamba nikiwa katikati ya foronya nimekumbuka: fundi alimaliza taa Jumamosi jioni, akaondoka na ngazi yake.