Ramani Niliyoipeleka Ukweni

Wapendwa, nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa na tai shingoni.

Nawaandikia nimesimama, kwenye kompyuta ya Kamau ninayekaa naye, hapa hapa Adelphi, ughaibuni kwetu. Kukaa siwezi. Nikikaa mgongo unawasha, nikisimama miguu inataka kutembea. Nimeizunguka hii sebule mpaka jirani wa chini ameanza kugonga dari lake kwa ufagio. Acheni basi niwaambie mwenyewe kabla Kamau hajawaambia. (Wale wa jengo la pili ameshawaambia. Nimesikia vicheko.)

Habari ya mimi na Neema mnaijua. Na mnajua baba yake, yule mzee wa Bowie, mwenye kazi yake serikalini na nyasi zake zilizokatwa zikalingana, hajawahi kunielewa. Si kwamba ananichukia. Tatizo lake ni jina. Wiki iliyopita alimwambia Neema kwenye simu, nami nimekaa pembeni nasikia kila neno: "Fidelis sawa. Lakini Torpianelli? Hilo jina la mtu au la makaroni? Mimi simwozeshi binti yangu kwa mtu nisiyejua katokea wapi."

Neema akanipa nafasi moja tu. Jumamosi, chakula cha mchana, kwao, nikajieleze. Mzee akiridhika, nipeleke barua ya posa. Asiporidhika? "Mimi sitaishi nikigombana na baba yangu," akaniambia. Na Neema hatanii kwenye mambo hayo.

Sasa, mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angepiga simu nyumbani akauliza. Mimi nikaenda maktaba.

Msinicheke bado. Mimi ni mtoto wa Kinondoni. Iringa kwetu naijua kwa misiba tu: unafika na basi, unalia, unakula, unarudi Dar. Marehemu baba nilipomuuliza habari ya jina letu alikuwa anajibu, "La Kitaliano hilo, litunze," halafu anarudi kwenye gazeti lake. Nikalitunza. Shuleni walipokuwa wanalitamka vibaya niliwasahihisha, na mikono nikitumia.

Mama mmoja wa maktaba akanionyesha tovuti ya ajabu. Unaandika jina la ukoo, inakuletea ramani ya Italia yenye vidoti pale wanapoishi wenye jina hilo. Ukiweka jina la kawaida, nchi nzima inaota vidoti kama mtoto mwenye surua. Nikaandika la kwangu. Vikatokea vidoti vichache mno! Vyote vimejibana kwenye bonde moja la milimani kule kaskazini, isipokuwa kimoja kiko peke yake kusini kabisa. (Huyo atakuwa aligombana na wenzake.) Ukurasa mwingine ukasema jina hilo linadhaniwa kutokana na mnara uliojengwa mahali tambarare.

Mnara! Nikanyoosha shingo pale pale kwenye kiti. Yule mama akanitazama kwa heshima, akasema ni jina adimu sana. Adimu! Kama mna rafiki mwenye wasiwasi wa kuoa, msimwambie neno hilo. Nilichapisha ramani kwa rangi, nikainunulia fremu ya dhahabu. (Ya plastiki, ila kwa mbali hujui.)

Leo asubuhi sikuweza kutulia. Nimepiga pasi shati, nikavaa, nikalivua, nikalipiga pasi tena. Nimefunga tai, nikafungua, nikafunga. Kamau, ambaye ndiye mwenye gari, alikuwa anakunywa chai na kuniangalia tu.

"Buda, tulia," akasema. "Unaenda kuona wazee, si watu wa immigration."

"Wa immigration wangeniuliza maswali ninayoyajua," nikamjibu.

Njiani mpaka Bowie goti langu lilikuwa linaruka lenyewe. Nilifungua dirisha, nikafunga. Nilitafuta stesheni ya redio, nikazima. Nilirudia hotuba yangu: bonde, vidoti, mnara. Kamau akasema nikigusa kitu kingine cha gari lake ataniacha barabarani na mnara wangu. Mpango ulikuwa anishushe aende zake, lakini tulipoegesha tu harufu ya chakula ikamfikia. Akazima gari, akasema, "Wacha nikusindikize kidogo." (Kamau hajawahi kunisindikiza popote pasipo na chakula.)

Tukapokewa. Shikamoo baba, marahaba. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibuni. Neema alivaa gauni la kijani, akanikonyeza kwa mbali. Nikaona mambo si mabaya. Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini wasiwasi ukinishika huwa naongea, na leo ulinishika kuanzia unyayo.

Nikasimama. Nikafungua karatasi ya zawadi. Nikainyanyua fremu mbele ya wakwe.

"Baba, mama," nikasema, "najua mna swali kuhusu asili yangu. Asili yangu ni hii hapa."

Baba Neema akavaa miwani. Akaitazama ramani ya Italia, akanitazama mimi, uso huu mnaoujua, mweusi wa kung'aa. Akairudia ramani.

"Asili yako ni hapo?"

"Kwenye vidoti, baba."

Kamau alikohoa. Neema akaangalia zulia. Mtu mwingine angekaa chini. Mimi nikaendelea! Nikaeleza bonde. Nikaeleza mnara na tambarare. Nikaeleza kwamba sisi tuko wachache mno duniani, kwamba jina hili halipatikani hovyo, na kwamba binti yao akilichukua atakuwa miongoni mwa watu wachache sana. Nilikuwa nikitembea huku na huku, fremu mkononi. Mama Neema akatoka jikoni na upawa, akasimama mlangoni kunisikiliza kama mtu anayetazama mahubiri ya dini ambayo si yake.

Nilipomaliza akauliza taratibu, "Mwanangu, kwenu hasa ni wapi?"

"Dar, mama."

"Dar si kwao mtu."

"Iringa, mama. Babu alilelewa misheni."

"Ehee!" Akashusha pumzi. Wao pia ni watu wa nyanda za juu kusini, misheni nyingine tu. "Basi turudi duniani. Mwiko wenu ni upi? Ukoo wenu hawali nini?"

Wenye wazazi wa huko mnajua. Kila ukoo una chakula chake usichogusa. Wazee wakitaka kujua kama kijana na binti si ndugu, hawaulizi jina. Jina mtu anaweza kupewa na yeyote. Wanauliza mwiko, maana huo haubadiliki. Mimi nilikuwa sijui. Ningesema sijui, ningepona. Nikasema nini? Nikasema kwa kifua mbele:

"Mama, sisi akina Torpianelli hatuna mwiko. Tunakula kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu!"

Akanipakulia utumbo wa ng'ombe. Jamani, mama yule anapika! Umetiwa nazi, tangawizi, pilipili kwa mbali. Sikumbuki kama nimewahi kuula maishani. Mama yangu hakuwa akiupika, nikadhani haupendi tu. Nikala sahani ya kwanza kwa adabu. Ya pili nikala kwa kujipendekeza. Mama Neema akawa ananiangalia kila kijiko, na mimi nikadhani anafurahi.

Baada ya kunawa, Baba Neema akasema maneno niliyokuwa nayaogopa tangu asubuhi. "Kijana, ramani nimeiona. Sasa nataka kumsikia mtu mzima wa kwenu. Nani yuko Iringa mwenye simu?"

Shangazi Skola. Dada mkubwa wa marehemu baba, mkunga mstaafu, sauti yake haihitaji simu. Mzee akatoa kadi ya simu, akapiga ile milolongo ya namba, akabonyeza spika ili sote tusikie. Kule ilikuwa usiku na shangazi alikuwa ameshalala.

"Nani kafa?" ndiyo salamu yake ya kwanza.

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Ni Fidelis. Niko ukweni. Wazee wanataka kujua habari ya ukoo wetu. Waeleze kuhusu Torpianelli, jinsi jina letu lilivyo adimu."

Akapiga mwayo. Kisha: "Adimu? Wewe mtoto umekunywa? Hapa ukisimama sokoni ukaita Torpianelli, wanageuka mpaka wauza nyanya!"

Nilijaribu kuzima spika. Baba Neema akaushika mkono wangu.

"Torpianelli ni padri!" shangazi akaendelea, usingizi umeshamtoka. "Babu yako na wenzake walikuwa wanalala bweni la misheni. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu akauliza, 'Baba yako nani?' Wote wakajibu Padri Torpianelli, maana ndiye aliyekuwa anawalisha. Bweni zima! Mwalimu akashindwa kuwatofautisha, akawaita kwa kazi zao. Kulikuwa na Torpianelli wa kengele, Torpianelli wa bustani. Babu yako alikuwa Torpianelli wa nguruwe."

Nguruwe, ndugu zangu. Si mnara.

Mama Neema akaanza kucheka akiwa amejishika ubavu. Akasema kwao nusu ya darasa walikuwa wanatumia jina la sista mkuu. Kamau alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamcheza. Mimi nimesimama, fremu ya dhahabu mkononi, na hapo hapo nikaanza kuhisi shingo inawasha. Nikadhani ni aibu. Nikajikuna. Ikahamia kifuani.

"Sasa shangazi," Baba Neema akauliza, sauti imebadilika, anataka jambo la maana, "ukoo wenyewe ni upi?"

"Sisi ni akina Sangilwa. Mwiko wetu ni utumbo. Hatuugusi kabisa! Anayeula anavimba kama andazi. Fidelis, hujala utumbo huko?"

Nilikuwa najikuna kwa mikono miwili.

"Amekula sahani mbili, auntie," Kamau akasema.

"Mungu wangu! Mvueni shati! Mpakeni majivu na..."

Kadi ikaisha.

Majivu na nini? Mjadala ukaanza. Mama Neema akasema na chumvi. Baba Neema akasema kwao ilikuwa na mafuta ya taa. Neema, ambaye ni nesi na ndiye aliyesoma mambo haya juzijuzi, akasema kabatini kuna vidonge vya mzio, kwa nini tusianze na hivyo? Nikapewa kidonge. Lakini mama yake ni nesi kumzidi miaka mingi, na hakutaka kusikia kwamba kidonge kinatosha.

Majivu ya Bowie yanapatikana wapi? Kwenye jiko la kuchomea nyama, nje, nyuma ya nyumba. Nikatolewa huko mbio. Shati likavuliwa. Tai ikabaki, maana fundo nililofunga tangu asubuhi halikutaka kufunguka. Mama mkwe wangu mtarajiwa akachota majivu, akatia chumvi, akanipaka mgongo, kifua, tumbo na mashavu. Mimi naruka huku na huku kwenye nyasi zile zilizolingana, Baba Neema ananifuata akisema, "Simama, kijana! Tulia!" Nitulieje?

Na nyua za Bowie hazina uzio. Jirani mmoja Mzungu alikuwa anapita na mbwa wake. Akasimama. Mbwa naye akasimama. Wakamtazama mtu mzima mwenye tai bila shati, mweupe kwa majivu, anayerukaruka, na mama wa makamo akimkimbiza na bakuli. Jirani akauliza kwa mbali kama tunahitaji kuitiwa msaada.

Baba Neema akampungia mkono. Akamjibu kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba asijali, haya ni mambo ya familia.

Ya familia! Nikaacha kuruka. Neema naye alisikia. Nilimwona akifunika mdomo kwa kanga ya mama yake.

Mwasho ulipopungua (mama anasema ni majivu, Neema anasema ni kidonge, wamenuniana mpaka naondoka) mzee alinikalisha kwenye ngazi za nyuma. Akasema, "Kijana, ramani yako haikuniambia kitu. Lakini makaroni hayawashwi na utumbo. Wewe ni wa akina Sangilwa, nimekuona kwa macho yangu. Leta barua. Na iandike kwa jina la watu."

Neema akaniegemea, akauliza, "Kwa hiyo mimi nitaitwa Mama nani sasa?" Nilikuwa na majivu mdomoni.

Ramani wameibakiza. Mzee ameitundika chooni, juu ya sinki, anasema fremu ni nzuri.

Nawaomba msicheke. Najua mtacheka. Ila mkikutana nami msiniulize tena jina langu asili yake wapi. Niulizeni nisichokula.