Leo Nimejaa

Jumatatu, 4 Machi

Leo hakuja mtu. Yaani walikuja, ila hawakuingia. Mama mmoja alisukuma mlango, akachungulia, akaona viti vitupu na mimi nimesimama katikati na tabasamu langu. Akaomba radhi, akarudi nyuma kama aliyefungua choo akakuta kuna mtu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana saluni upande wa pili wa korido. Kwake watu wanasubiri hadi nje. Anawavuta nywele mpaka machozi yanawatoka, na bado wanarudi. Mimi nachua migongo ya watu hadi wanakoroma, na mchana kutwa nimekaa na taulo zangu.

Nimewaza, nikagundua siri. Watu hufuata watu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuvua shati. Kwa hiyo kuanzia kesho viti vyangu vitajaa. Mama mkwe kakubali kuja kukaa. Baba mdogo wa mume wangu naye pia, kwa sharti kwamba redio iwe karibu yake. Nimewaelekeza: kaeni, pigeni miayo kidogo, msiseme kitu.

Mteja wa kudumu ninaye mmoja, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mjane, bega la kulia gumu kama ubao kwa kuinamia nguo za watu. Huja kila Alhamisi asubuhi. Nimepita kwake kumwomba asogee hadi jioni, asubuhi niwaachie wateja wapya. Akasema sawa mwanangu, wageni kwanza. Laiti wote wangekuwa wepesi hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Viti vimejaa. Pazuri ajabu. Akaingia mwalimu mmoja, shingo imekakamaa, akitaka kutazama pembeni anageuka mzima mzima kama kabati. Alipowaona watu akakaa mwenyewe, bila kubembelezwa. Nikaingia ndani kupasha mafuta, moyo mweupe.

Kumbe huku nje mwalimu kauliza kama huduma huchelewa sana. Mama mkwe, niliyemwagiza asiseme kitu, akajibu kwamba yeye amekaa tangu asubuhi hajaguswa, na ni mkwe wa mwenye kazi. Mtu baki ategemee nini? Mwalimu akatikisa kichwa, yaani mwili mzima, akaondoka.

Nimemlalamikia mama mkwe kwa adabu zote. Kaniuliza kama kuna uongo wowote aliousema.

Jumatano, 6 Machi

Mteja mpya wa kweli. Karani wa benki, kiuno kinamsumbua. Nilimpokea kama bibi harusi. Taa nimepunguza, pazia nimefunga, nikamwonyesha kijichumba cha kubadilishia nguo, nikamwambia asubiri nimwite. Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi mgongo ulikuwa umeshalala kitandani, kichwa kimefunikwa shuka. Nikafurahi kuona hana makuu.

Mteja mpya huogopa kimya. Ukimfungulia moyo wako, naye hufungua misuli yake. Kwa hiyo nikaanza kuchua huku nazungumza. Nikasema mizigo hii ya mgongoni haitoki ofisini, inatoka nyumbani. Hata mimi unayeniona hapa, dada yangu, nina mama mkwe. Nikaeleza. Anavyoonja mboga yangu amefumba macho, kama anameza dawa. Anavyoongea kwenye simu utadhani anamwita mtu aliye mlima wa pili.

Mgongo ukasema, "Endelea tu, mkwe wangu. Na hapo chini kidogo, kushoto."

Mama mkwe alikuwa amechoka na kiti kigumu, akaona kitanda kitupu. Karani alibaki kijichumbani na taulo kifuani, akingoja kuitwa, na kila neno amelisikia. Akavaa. Mlangoni alimshika mama mkwe mkono, akampa pole. Mimi hakunipa hata kwaheri.

Mume wangu anasema mama yake hana kinyongo, ila hatakuja tena kukaa. Sijui kipi kinaniuma zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Ya leo sitaki kuyaandika. Nitaandika.

Kuziba pengo la mama mkwe, baba mdogo aliwaleta wenzake wa karata. Viti vyote vikajaa, wengine wakaegemea ukuta. Nilikuwa namngoja msichana mmoja niliyemnong'oneza kwenye foleni ya wifi. Aliahidi kupita akimaliza kusukwa.

Mlango ukafunguka, akaingia fundi cherehani. Labda alisahau kwamba nilimhamisha. Labda bega halikumruhusu kungoja jioni. Mkono wa kulia alikuwa ameupakata kwa wa kushoto, kama anayembeba mtoto aliyelala.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mafuta yalikuwa ya moto. Nikawaza, msichana akija akute nina mtu, atarudi kwao na hatakanyaga tena. Nikasema, "Mama, leo nimejaa."

Akatazama viti, mtu mmoja baada ya mwingine, polepole. Uso wake ukakunjuka. Akasema, "Hongera, mwanangu. Hiki ndicho nilichokuwa nakuombea." Mzee mmoja alitaka kumpisha kiti, akamwambia akae tu. Akashuka ngazi, mkono mzima ukishika ukuta.

Msichana hakuja. Wazee walicheza karata hadi wakachoka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevuka barabara nikiwa nimekaza moyo. Nimemkuta fundi ana pini mdomoni. Akazitoa ili anifurahie vizuri. Akasema ameshawatangazia wateja wake wote kwamba kwa mchuaji sasa kumejaa, wasinisumbue. Wapo waliotaka kuja wiki hii, amewazuia. Hata wifi amemwambia. Ndiyo maana leo wifi kanipungia mkono kwa heshima, nami nikashangaa.

Nikauliza bega. Akasema litazoea. Akawa anaviringisha utepe wake wa kupimia, taratibu.

"Mimi kutwa nashika watu," alisema. "Nawapima mabega, nawapima viuno. Alhamisi ilikuwa siku yangu ya kushikwa. Lakini kila jambo na wakati wake."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: njoo sasa hivi. Nikausikia mdomo wangu ukisema nitamwangalizia nafasi. Akashukuru. Alishukuru kweli, hakunitania.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekunja taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Alianza kuja baada ya kumzika mumewe. Hajawahi kunisimulia lolote. Alikuwa akilala, akishusha pumzi moja ndefu, basi. Mimi nikidhani ile pumzi ni ya bega.

Nimemwambia mume wangu yote. Nilitegemea acheke, hakucheka. Akasema nenda kamwambie, mama njoo, nafasi ipo. Maneno manne tu, akasema, na yote unayajua. Nimelia kwenye taulo safi. Nimemwahidi kwamba nitakwenda.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri upya. Mume wangu ana moyo safi, ila biashara haijui. Nikisema nafasi ipo, fundi atauliza wale watu wameenda wapi. Mtu aliyekuombea kwa moyo wote, utamwambiaje kwamba maombi yake yalijibiwa na wazee wa karata?

Kwa hiyo Alhamisi mteja mmoja ataghairi. Shemeji yangu mdogo atavaa suti, asimame mbele ya duka la fundi na simu sikioni, alalamike kwamba amepata safari ya ghafla na nafasi yake kwa mchuaji, aliyoingoja mno, inapotea bure. Fundi atasikia. Atanionea huruma. Atakuja mwenyewe.

Ila ili ionekane kweli, viti lazima vijae. Baba mdogo anatafuta wazee wengine.

Mume wangu kauliza kama si rahisi zaidi kuvuka barabara. Nimemwambia awe na subira. Kumpokea mteja si jambo la kukurupuka.