Nyota ya Garsen na Jani la Mgomba

Shee wa Kipini alishuka kwenye basi la Malindi pale njia panda ya Garsen akiwa na suti moja, njaa mbili, na kifuniko cha mkebe wa biskuti alichokipaka rangi ya dhahabu. Njaa ya kwanza ilikuwa ya tumbo. Ya pili ilikuwa ya mali ya watu. Hiyo alizaliwa nayo, maskini, na hakuna tabibu aliyewahi kuipatia dawa.

Macho yake yakatua kwenye kibao kipya: BANGKOK YA GARSEN, VYAKULA VYA BARABARANI VYA ASIA KWA MTINDO WETU. Ndani, viti vitupu. Mlangoni, mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Duba alikuwa akimgombeza mpwa wake Dahabo, ambaye ndiye mpishi, mbele ya wenzake waliotoka mnadani.

"Nyumba nilikupa. Ukasema umepika hoteli kubwa Malaysia, watu watajaa. Wako wapi? Mnada ujao naweka ngozi zangu humu."

"Mjomba, hawajaonja tu. Wakionja..."

"Nani ataonja kambare ndani ya jani?"

"Mimi," alisema Shee, akaingia.

Si kwamba alimhurumia Dahabo. Alikuwa amemwona kondoo dume aliyefungwa nje, mweupe mwenye kichwa cheusi, mkia wake umejaa mafuta na unatikisika kwa madaha. Shee alimpenda hapo hapo, mapenzi ya kweli, ya mchuzi.

"Daktari Shee, mwamuzi wa ladha," alijitambulisha. "Nimekula Bangkok, nimekula Penang, nimekula hata mahali ambapo ramani imeona uvivu kufika. Natafuta mkahawa mmoja, pwani nzima, unaostahili hii." Akachomoa kifuniko. Kiling'aa. Wafanyabiashara wakasogea.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Duba.

"Nyota, mzee wangu. Ikitundikwa hapo ukutani, kila basi la Lamu litasimama."

Dahabo alileta mishikaki ya mbuzi kwenye mchuzi wa njugu, kachumbari ya maembe mabichi ya Golbanti, na tambi za mchele pamoja na vijiti viwili vya kulia. Shee alivitazama vijiti, vijiti vikamtazama. Kimoja akachomea tambi, cha pili akajikunia sikio, akaeleza kwamba ndivyo wanavyofanya watu wazima wa Bangkok. Pilipili ilipomtoa machozi, alisema analia kwa heshima.

Kisha akaja kambare mwenyewe, kapakwa tui na mchaichai, kafungwa kwenye jani la mgomba kutoka Idsowe, kaokwa juu ya makaa. Shee alimuuma pamoja na jani lake. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Wafanyabiashara wakamtazama kwa adabu, kama watu walio msibani.

"Daktari," aliuliza Dahabo taratibu, "huko Bangkok jani pia huliwa?"

"Dada yangu," Shee alijibu, sauti ikijipenyeza kati ya nyuzi za jani mdomoni, "jani ndilo chakula. Samaki amewekwa humo lisinyauke."

Dahabo aliinamisha uso. Alipokuwa akirudi jikoni alimnong'oneza mjomba wake maneno machache ya Kiorma. Duba akakohoa, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Shee akalihesabu hilo kuwa tabasamu la tamaa. Alikuwa mtaalamu wa matabasamu hayo. Kila asubuhi aliliona moja kwenye kioo.

"Nyota nimeipenda," alisema Duba. "Wewe umependa nini?"

"Mimi si mtu wa vitu, mzee. Lakini yule kondoo ameniangalia."

"Basi tuongee kondoo. Lakini hapa bei haisemwi kwa mdomo, majirani wana masikio. Inasemwa kwa vidole. Unajua?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza. Lakini anayeijua Penang hawezi kukiri kwamba haujui mnada wa Garsen.

"Vidole? Mzee, mimi nimezaliwa mnadani!"

Duba alitandaza shuka lake la begani juu ya mikono yao. Mkono wake ukalala chini ya shuka kimya, umelegea. Shee akawaza: kidole kimoja, kondoo mmoja. Akaushika mkono mzima. Duba akamwachia. Shee akaufinya tena, na tena, akiona zizi lake zima likitokea upande wa pili wa shuka.

"Imekubaliwa!" alipaza sauti Duba. Wenzake wakaitikia, wakampa Shee mikono ya pongezi, na kamba ya kondoo ikawekwa kiganjani mwake.

"Na wale wengine?" aliuliza Shee.

"Wengine gani? Leta pesa."

"Pesa?"

"Mwenye mali anatoa mkono tu, bwana daktari. Anayefinya vidole ndiye anayenunua. Na ulivyofinya! Kwa bei hiyo ningekupa ndama na mama yake."

Kicheko kilichozuka kilimshtua hata kondoo. Shee alitazama mlango. Umejaa watu wenye bakora. Hapa, aliyekimbia bei ya mkono hauziwi hata maji.

"Mjomba, hana kitu huyu," alisema Dahabo kwa upole. "Ana mdomo tu. Niachie mdomo."

Mnada uliofuata, ngozi za Duba zililala kwingine. Mkahawa ulijaa mpaka watu wakasubiri nje. Chini ya kifuniko cha biskuti, kwenye meza ya dirishani, Daktari Shee aliwasimulia abiria habari za Bangkok, kondoo kalala miguuni pake: ni wake siku atakapomaliza kumlipia kwa kazi hiyo ya mdomo.

Taabu ilikuwa moja. Abiria walikwisha kuambiwa kwamba jani ndilo chakula, na kila basi lilipofika walimzunguka, simu juu, wamwone mwamuzi akila kitaalamu. Yeye hufumba macho, akauma.

Dahabo, kwa kuwa hana roho mbaya, siku hizi humchagulia majani machanga.