Kulungu Atapita Hapa

Jumatatu, 3 Juni

Kama kuna mtu duniani anayejua akili ya kulungu kuliko kulungu mwenyewe, ni mimi. Ujana wangu niliwahi kumkazia macho dume mmoja mpaka akaona haya, akakaa chini.

Nimepata kibali cha ofisi ya wanyamapori. Kulungu mmoja, dume, mwisho Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi. Karani alisoma jina langu mara mbili. Bila shaka alishawahi kulisikia.

Tatizo ni mke wangu. Anakitaka kile kiwanja cha nyuma, kati ya nyumba na msitu, apande maharage. Miaka sita namwambia pale ni pa kuwindia. Anasema sawa, ila kwa miaka sita hajaona hata mkia. Leo tumekubaliana mbele ya kaka yake: nikipata kulungu kabla ya kibali kuisha, kiwanja ni changu daima. Nikikosa, ni cha maharage. Huyo kaka yake ni fundi viatu. Tunamwita Gundi, kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu akishakaa mezani kwetu habanduki. Kafurahi utadhani kiwanja kapewa yeye!

Jumanne, 4 Juni

Wawindaji wa kawaida humfuata mnyama. Jasho la bure! Mimi naipanga ardhi imlete mnyama mpaka kwenye kiti changu. Nafyeka vichaka vyote, matawi nayarundika kuta mbili, upande mmoja zimeachana, upande wa pili zimekaribiana, kama tarumbeta. Kulungu anaingia mdomo mpana, kuta zinamsonga, anatokea kwenye tundu. Kwenye tundu nipo mimi. Nimekaa.

Nimefyeka kutwa. Mgongo umegoma kunyooka. Nimeingia ndani nimeinama, mke wangu akauliza nimedondosha nini.

Alhamisi, 6 Juni

Tarumbeta imekamilika! Kila ukuta hatua sitini. Mke wangu kaleta chai, katazama weee, kisha kauliza kwa upole mbona mdomo mpana unatazama nyumbani na tundu linatazama msituni. Nikamwambia huo ni utaalamu. Akasema haya, akarudi na kikombe.

Alipoondoka nikatazama. Kweli unatazama nyumbani. Sigeuzi. Kulungu ana miguu, atazunguka.

Ijumaa, 7 Juni

Mbuzi watatu wa mke wangu wameingia mdomo mpana, kuta zikawasonga, wakatokea msituni mmojammoja, kwa adabu, kama watu kwenye foleni. Tumewatafuta mpaka saa kumi alasiri. Gundi alikalia gogo akituelekeza kwa kidole. Shemeji, kaniambia, wewe peke yako ndiye mwindaji anayewapelekea chui nyama! Nikamjibu kwamba angalau imethibitika mtambo unafanya kazi. Mke wangu akawahesabu mbuzi wake kwa sauti, mara mbili. Nimemsikia vizuri sana.

Jumapili, 9 Juni

Nimegeuza kuta zote. Na upande wa nyumbani nimeongeza ukuta wa tatu, mbuzi wasikanyage. Sasa mbuzi hapiti, kuku hapiti. Mimi mwenyewe nimechanika suruali.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekaa kitini kutwa. Hakuna kitu. Nimewaza, nikagundua: njaa! Nani aende mahali pasipo na chakula? Na kulungu hana anachopenda kama majani machanga ya maharage. Mke wangu ana mbegu kwenye debe. Nimeomba kikombe kimoja. Kanipa debe zima. Kanionyesha hata nafasi ya kuacha kati ya shimo na shimo. Roho nzuri namna hiyo, baada ya yale ya mbuzi! Nimepanda mistari kumi na minne ya chambo.

Jumatano, 12 Juni

Chakula bila maji si chakula. Nimechimba mfereji kutoka kijitoni ili kulungu anywe papo hapo. Maji yanapita katikati ya mistari, raha tupu. Gundi kapita, kauliza ni mwindaji gani huyu, siku ya kumi leo mkononi ana jembe. Nikamwambia bunduki inapumzika. Mke wangu akamkemea, akamwambia amwache shemeji yake na mawindo yake. Alisema hivyo huku anatabasamu. Mke anayeelewa ni baraka.

Jumatatu, 17 Juni

Yameota! Mashimo saba tu yamekufa, nimeyarudishia. Nimepalilia pia, maana magugu yatamkinaisha kulungu.

Ijumaa, 21 Juni

Nyayo! Mbichi, mbili mbili, nje ya mdomo mpana. Siku mbili zimebaki, na kwato zimefika mlangoni. Nimekwenda kumpasha habari mke wangu. Nimemkuta anajisifia maharage yake kwa jirani. Nikamkumbusha kuwa yale ni chambo. Akasema ndiyo, chambo chake kimestawi.

Jumapili, 23 Juni

Kibali kimeisha. Saa tatu asubuhi nimeingia ndani, nikawaambia kulungu hakutokea. Mke wangu kapokea kiwanja. Kimefyekwa, kimezungushiwa ua, kina mfereji na mistari kumi na minne iliyopaliliwa. Gundi kacheka mpaka chai ikampalia. Shemeji, kasema, kama wote wangeshindwa hivi dunia ingeshiba! Wivu. Mke wangu kaniomba niendelee kupalilia, eti mkono wangu una baraka. Nimekubali, lakini kwa muda tu. Ng'ambo ya kijito nimeona kundi la kanga wa porini. Wale ni wepesi: unafyeka, unaweka ukuta mmoja, unamwaga mtama wa kuwavuta. Mistari ishirini hivi.

Jambo moja halitatoka humu. Kulungu alikuja. Kumi na mbili na nusu asubuhi, dume, pembe zimesokotwa. Akaingia mdomo mpana, akaufuata ukuta, akasimama hatua kumi mbele ya kiti changu, sawasawa na nilivyopanga. Bunduki ilikuwa mapajani, risasi ndani. Kisha akainama, akang'oa mche wa mstari wa tatu. Nikaruka kutoka kitini nikipiga kelele atoke kwenye maharage yangu. Nikamrushia kofia.