Maji Mekundu Sakafuni

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara ametangaza kwamba Ijumaa atateua msimamizi wa usalama. Mama huyu tunamwita Mama Miwani, maana hata chai huinywa na miwani ya kinga usoni. Wote wakamgeukia Twiga, mwenzangu wa meza ya pili: mrefu, mpole, glavu jozi mbili kila siku. Mimi? Hata nzi hakunitazama. Miaka tisa kazini! Mke wangu anasema nitulie, riziki haivutwi kwa kamba. Hajui kichwa kimeshaanza kuchemka.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umeiva. Nitamwaga maji ya rangi nyekundu karibu na kabati la sumu, nipige kelele, niwatoe watu, nifunge mlango. Shujaa! Nimechukua chupa tupu ya sumu, bado ina lebo ya fuvu, ili mambo yaonekane ya kweli. Nimeisuuza mara tano. Mimi si mjinga.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Maji yalinirukia suruali. Kabla sijafumbua kinywa, Twiga kaona lebo. Akaninyanyua kama gunia hadi kwenye bomba la mvua la dharura, akavuta mnyororo. Nikamwambia ni maji tu. Akasema, "Kila mtu husema hivyo, kaka. Vua suruali." Dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani! Maji baridi kama barafu. Chupi ya maua mbele ya idara nzima. Yeye kanishika bega muda wote, akihesabu dakika kwa sauti. Ndipo nikaona: mikono mitupu. Twiga, bila glavu!

Alhamisi, 7 Machi
Twiga hakuja. Yuko kwa daktari, anapimwa damu kwa sababu alinigusa. Mkewe alipiga simu maabara, analia. Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Nikaenda kwa Mama Miwani, nikakiri yote. Akavua miwani. Macho yake sikuwahi kuyaona. Yamechoka, tena mazuri. Akasema zamani alimzika mwenzake aliyeamini chupa yenye lebo ya uongo. "Naye alidhani ni maji tu, mwanangu." Nikalia. Akanimiminia chai, kisha akanipa adhabu: kukagua lebo za ghala zima. Jioni nikampitia Twiga nyumbani kumwomba radhi. Hakunitukana. Aliuliza tu kama suruali imekauka.

Ijumaa, 8 Machi
Vipimo vya Twiga safi! Na ndiye msimamizi. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, wallahi kutoka moyoni. Ila nimesikia wakaguzi wanakuja Jumatatu, naye ana hofu, hata chakula hakipiti. Maskini ndugu yangu! Lazima ang'are. Nimefikiri: moshi kidogo tu, usio na madhara, chini ya meza ya kwanza. Ataunusa, atauzima, wakaguzi watabaki midomo wazi. Simwambii, kushtuka kwake lazima kuwe kwa kweli.
Kiberiti ninacho.