Abiria Wasio na Tiketi Ndani ya Simu Yangu

Jumamosi, 5 Oktoba. Shubra, Cairo.

Nimekuwa babu! Mtoto wa kiume, alizaliwa jana, ana mapafu ya muuza magazeti. Jina lake Adham. Mkwe wangu Nihal hajambo. Mke wangu Insaf kanipigia vigelegele sikioni, sikio bado linavuma.

Wagih, mwanangu, kapiga simu kutoka Kuwait. Kanyimwa likizo. Mhandisi mzima analia kama mtoto aliyeachwa stesheni. Kaniomba kitu kimoja tu: Alhamisi, siku ya sebuu, mtoto akitimiza siku ya saba, nimpigie video. Yote. Hasa Mama akitwanga kinu cha shaba karibu na kichwa cha mtoto. Anataka kukisikia kinu hicho, kile kile alichotwangiwa yeye. Nimemwapia. Mtu hawezi kuwepo kwenye sebuu ya mwanawe, basi walau aione.

Nikajaribu simu yangu kwa kuupiga video unyayo wa Adham. Simu ikaandika: hakuna nafasi.

Aibu! Tena mbele ya Mamduh, kaka yake Insaf, muuza mapazia, ambaye simu yake ni pana kama sinia. Kasema, acha tu Baba Wagih, nitapiga mimi, wewe shika vikombe vya chai. Mimi! Nishike vikombe! Kwenye sebuu ya mjukuu wangu!

Nimekagua simu. Nilikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya Aswan mpaka nilipostaafu, jicho langu halidanganyiki. Nimewakuta abiria wasio na tiketi wamejipanga. Nyota Zako. Mpira Moto. Jiko la Malkia. Pochi. Kabati. Wamepandishwa na kampuni ya simu, ambayo sitaiandika jina, haistahili wino wangu. Iitwe Kampuni. Sikuwaalika. Sikuwauliza chochote. Na hawafutiki! Ukimbonyeza mmoja anakuambia "programu hii haiwezi kuondolewa". Nimewashusha wanajeshi wenye bunduki kwa kukosa tiketi. Nitashindwa na Jiko la Malkia?

Nihal, kitandani, kasema kwa upole, Baba, kinachojaza simu ni yale maua. Maana yake ni picha za salamu za kundi la ukoo. Asubuhi ya nuru, Ijumaa yenye baraka, jioni ya yasmini, waridi lenye umande, waridi linalong'aa, waridi linaloimba. Nimemwambia Nihal, mwanangu, hizo ni salamu za watu. Mtu kakukumbuka alfajiri, wewe umfute? Huo ni utovu wa adabu. Mzazi ana uchovu, sikumjibu zaidi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimevaa suti. Nimekwenda ofisi ya Kampuni.

Nimesubiri mpaka suti ikalowa. Binti wa mezani kucha zake ndefu, sauti yake asali. Kaniita pasha, kama bwana mkubwa. Kasema hizo programu ni zawadi ya Kampuni kwa wateja wake wapendwa. Nikamwuliza, zawadi gani isiyokataliwa? Huyo ni mgeni aliyekuja na godoro lake! Watu wa foleni wakacheka. Mzee mmoja kanipigia makofi. Nikapata nguvu, nikapandisha sauti, nikaitaja haki, katiba na marehemu baba yangu.

Binti hakutikisika. Kasema, hasira yako tunaiheshimu pasha wangu, nipe simu nikuwekee njia ya kulalamika. Nikampa. Nilidhani nimeshinda.

Nimefika nyumbani na programu mpya. Inaitwa Sauti ya Mteja. Nayo haifutiki.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mtaa wa Abdel Aziz, kwa mafundi wa simu. Kuna mmoja anajiita Daktari Titu, miwani juu ya paji la uso, sigara nyuma ya sikio. Kaitazama simu yangu, katikisa kichwa, kasema msemo wa madaktari wote: mbona umechelewa kuileta?

Kasema kufuli la Kampuni linavunjika, ila simu inaweza kufa mezani. Nikamwuliza inaweza vipi. Kasema, Mungu ndiye ajuaye, bwana. Sikupenda. Basi kanishauri dawa nyepesi: programu inayokula programu. Inaitwa Fagio. Kaiweka mwenyewe, kaipapasa simu mgongoni kama anambembeleza mtoto.

Sasa Fagio linapiga kelele kila nikiwasha simu. "Simu yako ni chafu! Simu yako ni chafu!" Limesema hivyo ndani ya basi, watu wakaniangalia kwa huruma. Halikula hata Nyota Zako. Limekaa kando yake, wanaelewana.

Mamduh alikuwepo nyumbani niliporudi. Kawahesabu abiria, kasema, Baba Wagih, simu yako inazaa haraka kuliko Nihal. Insaf akacheka! Mke wangu! Nimekunywa chai yangu kwenye roshani, peke yangu, kwa hadhi.

Jumatano, 9 Oktoba

USHINDI.

Nimegundua mwenyewe, bila daktari wala binti wa kucha. Kuwafuta haiwezekani, lakini kuna kitufe kinaitwa "zima". Nimewazima mmoja mmoja, nikiwatazama usoni. Nyota Zako, kimya. Mpira Moto, kimya. Jiko la Malkia liliuliza kama nina hakika. Nina hakika, malkia! Fagio nimelitupa nje kabisa. Kabati tu limekataa, limeandika kwamba linafanya kazi muhimu. Kazi gani? Abiria aliyejifungia chooni, hiyo ndiyo kazi yake.

Nikaenda kuoga. Nilipotoka nikajaribu simu. Nafasi tele! Nikampiga video Adham akipiga miayo, mwanzo mpaka mwisho.

Insaf anasema ni yeye, eti nilipokuwa naoga kafuta maua ya mwaka jana yote. Nilikasirika sana kwa ajili ya yale maua. Lakini kuhusu nafasi nimemweleza kwamba ni bahati tu vitu viwili vimetokea pamoja. Ukweli ni kwamba Kampuni imeinua mikono. Insaf akaenda zake kukoroga mughati, kinywaji cha moto cha mzazi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sebuu. Siku ya maisha yangu, nasema wazi.

Nyumba imejaa. Vifuko vya njugu na peremende, mishumaa, chumvi ikirushwa kila kona dhidi ya kijicho, punje moja ikaniingia jichoni, sikuteteresha simu. Nilikwisha tangaza mapema: anayepiga video ni mmoja, babu. Mamduh kaleta sinia lake hata hivyo. Nikasimama mlangoni pa chumba, mikono kiunoni, tumbo mbele. Hakupita.

Adham kawekwa kwenye chekecheo, ule ungo mkubwa wa kuchekechea unga, juu ya kitambaa cheupe, chini sakafuni. Nihal akamruka, mara saba, akishikiliwa mkono. Kisha Insaf akachukua kinu cha shaba. Kle-ng! Kle-ng! Mtoto akafumbua macho yote mawili. Insaf akamwagiza kama wanavyoagizwa watoto wote: "Msikilize mama yako! Msikilize bibi yako! Usimsikilize babu yako!" Chumba kikavunjika mbavu. Kisha sauti ikambadilika. Akasema, "Na baba yako yuko Kuwait, roho yangu. Yeye utamsikiliza kwenye simu." Akatwanga tena, polepole. Nihal alilia. Mimi pia nililia, sioni haya kuandika. Mkono haukutikisika.

Nimepata yote. Yote!

Mamduh naye kapiga kutoka nyuma yangu, juu ya kichwa cha shangazi yake. Katuonyesha video yake jikoni. Ni mgongo wangu, mwanzo hadi mwisho. Mgongo wangu na sauti ya kinu. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wagih kapiga: Baba, tuma sasa hivi, nimekaa kitandani nangoja. Nimemwambia subira. Kitu kama hiki hakitumwi ovyo ovyo kama risiti. Kesho baada ya sala ya Ijumaa, kwa utaratibu, na waridi mbele.

Ijumaa, 11 Oktoba



Nimetoka msikitini, nimekaa, nimechagua waridi. Kabla sijatuma, simu ikalia. Kabati! "Habari njema! Video yako imehifadhiwa kwetu."

Kwao! Mjukuu wangu kwao! Insaf na gauni lake la nyumbani, Nihal nywele wazi, vyote viko kwa Kampuni, binti wa kucha anavitazama akinywa kahawa! Damu ilinipanda. Hii si nafasi tena, hii ni heshima ya nyumba. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule ambao hakuna mwenye ujasiri wa kuugusa. Rudisha simu ilivyotoka kiwandani. Ikauliza, una hakika? Ndiyo. Ikauliza tena, una hakika? Mimi ni mtoto? NDIYO.

Giza. Kisha wimbo wa Kampuni. Kisha simu safi kama yai.

Safi mno.

Nyota Zako imerudi. Mpira Moto umerudi. Jiko la Malkia limerudi na pambo jipya. Video haipo. Nimeitafuta kila mahali, hata kwenye kikokotoo.

Nilimwambia Insaf mwenyewe. Nilitegemea kelele, nilizitaka hata. Hakupiga. Alikwenda kukitoa kinu kabatini, akakaa nacho mapajani, anakifuta kwa mkono wa gauni lake kama kimepata vumbi. Kasema tu, "Alikuomba kitu kimoja, Bahgat."

Wagih kapiga simu. Nikaitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Sijawahi kukataa simu ya mwanangu. Naogopa.

Jumamosi, 12 Oktoba

IPO! IPO! IPO!

Asubuhi, nikiwa na fuli, maharage ya asubuhi, mdomoni, simu ikaandika: "Karibu tena, Bahgat. Kabati lako linakungoja. Turudishe vitu vyako?" Nikabonyeza kwa nguvu mpaka kioo kikalia. Vikaanza kumiminika. Waridi. Waridi. Yasmini. Waridi linaloimba. Mwaka jana wote, hata yale aliyoyafuta Insaf. Na nyuma yao wote, Adham ndani ya chekecheo.

Nimetuma hapo hapo. Bila waridi.

Wagih kapiga. Mwanzo nilisikia kinu tu kikilia upande wake, anakirudia. Kasema wenzake wa chumbani wamekaa naye kitandani, wote wanalia, hata yule wa kutoka Manila.  Nikampa mama yake simu.

Baadaye Insaf kasema nitoe shukrani kwa Kabati. Shukrani! Mtu kakuibia viatu msikitini, kesho yake kakurudishia, umbusu mkono? Sisi hatukurudishiwa. Mimi nimeing'oa video ile kutoka kwenye meno ya Kampuni. Asiyeona tofauti basi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Simu imejaa tena. Haikupokea salamu ya asubuhi ya shangazi Qadriya, mtu wa miaka themanini na mitano! Vita vinaendelea.

Nimeanza na Kabati. Nimeingia ndani yake nikafuta kila kitu chetu, Kampuni isibaki hata na ukucha wa Adham. Likauliza mara mbili kama nina hakika. Nimezoea vitisho vyao. Kisha, kwa kuwa nafasi bado ni finyu, nikaifuta na video yenyewe kwenye simu. Wagih anayo. Wagih ni mhandisi, mtu makini, kwake iko salama kuliko kwangu. Maua yote nimeyabakisha. Hakuna hata moja lililoguswa.

Adhuhuri Wagih kapiga. Katika mazungumzo kalalamika simu yake ni nzito, kampuni ya kule nayo imemjazia programu asizozitaka. Moyo ulinijaa fahari! Damu yangu! Nimemwambia mwanangu, usipige magoti. Nikamwongoza neno kwa neno. Mipangilio. Shuka. Shuka tena. Mstari wa mwisho. Itakuuliza mara mbili, wanakutisha tu, wewe si mtoto.

Laini ikakatika.

Insaf kawaalika majirani jioni hii waje kuangalia sebuu. Vikombe vimekwisha pangwa. Anaita sasa hivi kutoka sebuleni, nilete simu.

Ujumbe wa Wagih umeingia dakika hii: "Baba, simu sasa safi kama ulivyosema. Nitumie tena ile video ya Adham."

Wezi! Hata Kuwait ni wezi!

Lakini Bahgat hakosi njia. Mamduh bado anayo yake. Ni mgongo wangu tu, sawa, lakini kinu kinasikika vizuri sana, na maneno ya Insaf yote yapo. Nimewaambia wanawake wanywe chai kwanza, nakwenda kwa Mamduh mara moja. Nimeiona simu yake. Imejaa abiria wa Kampuni mpaka mlangoni, maskini, na yeye hajui.

Nitamsafishia kwanza.